Unga wa Kopo na Chakula cha Sufuria

(Hotuba iliyotolewa katika Mkutano wa Mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinipa uhuru wa kuchagua mada, akaniomba tu isiwe ndefu. Nitajitahidi. Kwa wasionifahamu, mimi ni mtumishi wa Serikali, afisa lishe katika halmashauri moja ya wilaya. Shahada yangu niliipata Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kupima watoto, kukagua maghala ya chakula, na kuandika taarifa ambazo sina hakika husomwa na wangapi. Leo nimepata wasikilizaji wasioweza kuondoka kabla chakula hakijapakuliwa, nami sitaiachia bahati hiyo ipite.

Mada yangu imetoka katika ajenda mliyo nayo mikononi. Jambo la saba linasema kwamba Chama kitumie fedha za mfuko wa michezo kuwanunulia wanamichezo 60 wa shule hii makopo 24 ya unga wa protini, yale makopo makubwa ya ratili tano. Walioleta pendekezo hili ni rafiki zangu, na mmoja wao tulilala bweni moja. Nia yao ni njema, tena wamejitolea kusafirisha makopo hayo bila malipo. Hata hivyo nitauomba mkutano usilikubali, na anayeomba hivyo anadaiwa sababu.

Kwanza tujue kilichomo koponi. Unga unaouzwa zaidi hutokana na maziwa ya ng'ombe. Maziwa yanapogandishwa ili kutengeneza jibini, mabonge huondolewa na hubaki maji ya rangi ya manjano. Zamani viwanda vingi vya Ulaya na Marekani viliyamwaga maji hayo au kuwanywesha nguruwe. Baadaye zikapatikana njia za kuyachuja na kuyakausha, na kilichokuwa taka kikapata bei. Katika protini yote ya maziwa, kama sehemu 80 kwa mia ni kaseini, ambayo huenda na jibini, na kama 20 kwa mia ndiyo inayobaki katika maji. Ni protini nzuri kwa kweli. Husagwa upesi tumboni, na inazo asidi amino zote ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea wenyewe. Anayewaambia kwamba unga huu ni sumu anawadanganya sawasawa na yule anayewaambia kwamba ni muujiza. Ni maziwa yaliyopunguzwa vitu vingi, yakaongezwa ladha ya chokoleti, na nje yakabandikwa picha ya mtu mwenye kifua kama mlango.

Sasa, kwa nini kijana anayekimbia au kunyanyua vyuma aamini kwamba hawezi kupata nguvu bila kopo hilo? Imani hii ina umri mkubwa kuliko sisi sote humu ndani. Katika karne ya 19 mkemia mashuhuri wa Ujerumani, Justus von Liebig, alifundisha kwamba msuli unapofanya kazi hujila wenyewe, yaani huunguza protini yake, na kwa hiyo mfanyakazi ni lazima arudishiwe nyama. Mwaka 1865 jina lake lilipewa kampuni iliyochemsha nyama ya ng'ombe huko Fray Bentos, nchini Uruguay, na kuuza rojo lake Ulaya katika vyombo vidogo vidogo. Mnaona kwamba hata wakati ule nadharia na biashara zilitembea pamoja.

Mwaka huo huo wa 1865 wanasayansi wawili wa Zürich, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, waliamua kuipima nadharia hiyo kwa miguu yao wenyewe. Tangu mchana wa siku iliyotangulia hawakula chakula chenye protini. Walikula vitu mfano wa maandazi, vya wanga mtupu uliokaangwa kwa mafuta, wakanywa chai ya sukari na, nisiwafiche vijana, bia na mvinyo pia. Tarehe 30 Agosti wakapanda mlima Faulhorn huko Uswisi, mwinuko wa mita 1,956 kutoka ziwani walikoanzia. Mkojo wao wote waliukusanya na kuupima, kwa sababu protini ikiunguzwa mwilini, naitrojeni yake hutoka kwa njia hiyo. Hesabu zilipofanywa, ikaonekana kwamba protini waliyoiunguza isingeweza kuifikisha miili ile miwili kileleni. Nguvu ya kupanda ilitoka katika wanga na mafuta.

Protini, basi, ni fundi: hujenga msuli na kuukarabati baada ya mazoezi. Moto wa kuendesha kazi hutoka hasa katika ugali, wali, viazi, ndizi na mafuta. Fundi akikosa kuni za kupikia atavunja milango ya nyumba anayoijenga azichome, na nitarudi kwa jambo hilo baada ya muda mfupi.

Majirani zetu wa Kenya wametuacha mbali katika mbio ndefu tangu siku zile za mwaka 1974 ambapo Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch (ingawa mwaka 2025 Alphonce Simbu alitupoza roho kwa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo). Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa wakimbiaji 10 wa Kenya wa daraja la juu, waliopimiwa kila walichokula kwa siku saba wakiwa kambini katika nyanda za juu. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka katika wanga na sukari: ugali, wali, mkate, viazi, na chai ya maziwa yenye sukari nyingi kuliko ambayo mimi kwa cheo changu naruhusiwa kuipendekeza. Protini ilikuwa kama sehemu 10 tu kwa mia ya nguvu yote. Lakini sehemu hiyo ndogo iliwapatia gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, wakati mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8.

Mtaniambia kwamba mkimbiaji ni mwembamba na kwamba vijana wetu wanataka vifua. Haya, twende kwa wanyanyua vyuma. Mwaka 2018 jarida moja la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha majumuisho ya tafiti 49 zenye washiriki 1,863 waliokuwa katika mazoezi ya kutunisha misuli. Iliyoongeza misuli hasa ilikuwa mazoezi yenyewe. Protini ya ziada ilisaidia kidogo, na msaada huo ulikoma pale mlaji alipofikia kama gramu 1.6 kwa kilo kwa siku. Kwa kijana wa kilo 60, hizo ni gramu 96. Kila kijiko anachoongeza juu ya hapo hageuzi kuwa msuli: mwili huunguza au kuweka akiba kilichobaki, na naitrojeni huishia chooni. Ni choo cha gharama kubwa.

Je, gramu 96 zinapatikana katika bwalo la shule? Nimefanya hesabu hii mara nyingi kazini, nami nitaifanya hapa ili yeyote anikosoe. Unga wa mahindi gramu 500 kwa siku, kwa uji na ugali, una protini kama gramu 40. Maharage makavu gramu 150, kabla ya kupikwa, yana kama 32. Karanga konzi mbili, tuseme gramu 50, zina 12. Yai moja lina 6. Glasi ya maziwa au mtindi ina 8. Na ambaye maziwa mabichi humchafua tumbo, mtindi aghalabu humwia mpole zaidi. Jumla ni gramu 98. Pasipo yai, konzi ya dagaa wakavu italifidia na kuzidi, maana zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, humletea mlaji chokaa ya mifupa pia.

Wapo wanaosema kwamba protini ya mimea ni pungufu. Ni kweli ikiwa kila mmea utaliwa peke yake. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, na maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, na mahindi hukaa vizuri upande huo. Ugali kwa maharage, wali kwa kunde, makande: bibi zetu hawakuwa na maabara, na sahani zao zilikuwa sahihi. Na yai mle zima. Vijana wa siku hizi huchukua ute na kutupa kiini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapa vijana 10 waliozoea kunyanyua vyuma gramu 18 za protini ya mayai baada ya mazoezi, mara moja mayai mazima na mara nyingine ute mtupu. Ujenzi wa misuli ulikuwa mkubwa zaidi walipokula mayai mazima, ingawa protini ilikuwa sawasawa. Ndani ya kiini mna kitu kinachosaidia, na anayekitupa amelipa bei ya yai zima akala nusu.

Ndugu wanafunzi wa zamani, najua mnachokifikiri. Mnakumbuka maharage ya bwalo letu, ambapo punje moja iliogelea peke yake kama mtu aliyeachwa na meli, na jinsi aliyekuwa na zamu ya kupakua alivyokuwa mtu mkubwa kuliko kiranja mkuu, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kama upawa utafika chini ya sufuria au utaishia juu. Hesabu yangu ina gramu 150 za maharage kwa kila mwanafunzi. Upawa wa mchuzi hauna hata 30. Hapo ndipo penye tatizo la wanamichezo wetu, na kopo haliwezi kulitibu.

Nasema haliwezi kwa sababu dunia ilikwisha kujaribu. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliueleza ugonjwa wa watoto ambao sisi tunauita unyafuzi, na akaona kwamba chakula chao kilikosa protini. Maelezo yake yalikuwa ya uangalifu. Waliomfuata waliyachukua na kuyakuza, hata mwaka 1955 ikaundwa kamati ya Umoja wa Mataifa ya kushughulikia protini, na mwaka 1968 Umoja huo ukatoa taarifa ya kuonya kwamba janga la protini linakuja duniani. Fedha nyingi zikamiminwa katika unga wa samaki, unga wa mbegu za pamba na unga wa vijidudu vilivyooteshwa viwandani. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika The Lancet kwamba shughuli yote ile ilikuwa fedheha kubwa: watoto wengi walikuwa hawapati chakula cha kutosha cha aina yoyote, na mtoto mwenye njaa akipewa protini huiunguza kama kuni. Mwaka 1977 kamati ile ikavunjwa. Hapa kwetu, mradi wa lishe wa Iringa ulioanza mwaka 1983 ulishika njia nyingine: watoto wapimwe uzito vijijini, walishwe mara nyingi zaidi kwa siku, na wazazi wenyewe wakae wajadili matokeo. Mimi ni mwanafunzi wa walimu waliojifunza kutoka Iringa, na sioni haya kusema hivyo.

Yule fundi anayevunja milango nimemwona kwa macho. Ofisini kwetu alikuja kijana mmoja, mpole na mchapakazi, aliyeanza mazoezi ya vyuma kwa bidii. Ili aweze kununua kopo kila mwezi aliacha kula chakula cha mchana, na jioni alikunywa unga wake kwa maji akalala. Baada ya miezi minne suruali zilimpwaya. Alidhani amenunua unga bandia. Nilipomwuliza anakula nini tangu asubuhi, tukakuta kwamba nguvu aliyokuwa akiila kwa siku haikumtosha hata mtu anayekaa kitini. Protini yote ya kopo iliunguzwa kumwezesha kupanda ngazi za ofisi. Nilimshauri apunguze kununua kopo, arudi kwa mama ntilie wa kona ya pili kula wali, maharage na samaki. Siku hizi ananipita mlangoni kwa upande.

Na unga bandia upo vilevile. Mwaka 1883 mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, alibuni njia ya kupima naitrojeni katika chakula. Ukizidisha kiasi hicho kwa 6.25 unapata makisio ya protini. Njia hiyo ingali ikitumika. Udhaifu wake ni kwamba hupima naitrojeni bila kuuliza imetoka wapi. Mwaka 2008 huko China wafanyabiashara waliongeza maji katika maziwa, kisha wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye naitrojeni nyingi, ili kipimo kisiwaumbue. Watoto wapatao 300,000 waliugua, na sita wakafa. Katika unga wa wanamichezo udanganyifu huwa wa kistaarabu zaidi: hutiwa asidi amino za bei rahisi, mathalani glaisini, ili namba ya lebo ipande. Tena Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, bidhaa za namna hii huingia sokoni bila kwanza kuidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa. Mteja ndiye maabara.

Kwa mwanamichezo wa mashindano pana hatari nyingine. Wachunguzi wa Cologne walikusanya kutoka nchi 13 bidhaa 634 za kuongezea lishe, wakakuta 94 kati yake zina vitu vya jamii ya homoni ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Sheria za kupambana na dawa michezoni humhesabia mwanamichezo kila kinachokutwa mwilini mwake, hata akiapa kwamba hakujua. Chama chetu kikinunua kopo na kumpa mvulana wa miaka 17, siku akipimwa nani atasimama naye? Nimemwuliza mtoa hoja, akacheka. Namwuliza tena mbele yenu.

Nitendee haki upande wa pili. Unga huu una kazi zake. Mgonjwa asiyeweza kutafuna, mzee aliyepoteza hamu ya kula, mtu aliyetoka kupasuliwa, mchezaji aliye safarini usiku kucha ambaye hatapata chakula cha maana mpaka kesho: hao huweza kusaidiwa, na mimi mwenyewe nimewahi kuuandika kwa wagonjwa. Mtu mzima mwenye figo nzima na fedha zake mwenyewe, ambaye sahani yake imekwisha kutimia, sina ugomvi naye. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Na yeyote anayenunua aangalie kama bidhaa imesajiliwa na Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lilikabidhiwa usimamizi wa chakula mwaka 2019, wala asinunue unga uliopimwa kwa kijiko na kufungwa upya katika kifuko.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa mweka hazina amekwisha kutazama saa. Kopo moja la ratili tano lina vijiko kama 75, kila kijiko protini gramu 24. Makopo 24 ni vijiko 1,800. Kwa wanamichezo 60, kijiko kimoja kwa siku, yatakwisha siku ya thelathini. Nilipouliza bei mjini wiki iliyopita, kopo lilikuwa shilingi 200,000; jumla ni milioni nne na laki nane. Maharage niliyauliza sokoni siku ile ile, yalikuwa shilingi 3,000 kwa kilo. Fedha hizo ni kilo 1,600, magunia 16 ya kilo mia. Makopo yana protini kilo 43. Magunia yana zaidi ya kilo 330, na hata ukipunguza theluthi nzima kwa kuwa maharage hayasagiki tumboni sawa na maziwa, zitabaki 220, pamoja na wanga na madini ya chuma ambayo kopo halina.

Kwa hiyo naleta marekebisho ya jambo la saba. Nusu ya fedha inunue maharage na karanga msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, nayo yaingie katika sufuria ya shule nzima. Siwezi kupendekeza wanamichezo wapewe meza yao huku wenzao wakiwaangalia. Nusu ya pili ikarabati banda la kuku nyuma ya karakana, lililobaki kuta na popo, na kununua kuku 60 wa mayai. Wakitunzwa vizuri watataga kama mayai 40 kwa siku. Kuku hula, na chakula cha kuku kina bei, hivyo tawi la Dodoma limekubali kuchangia chakula chao kwa mwaka wa kwanza, na baada ya hapo itabidi tukae tena. Mwalimu Mkuu ameniahidi kwamba maharage yatalowekwa usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemshwe mpaka yaive sawasawa, na upawa ufike chini.

Maswali nitayapokea sasa. Yule kijana wa Kidato cha Tano ambaye asubuhi nilimkuta ameficha kopo chini ya kitanda asiogope, hakuna atakayemnyang'anya. Alilete hapa mezani tusome lebo yake pamoja.